Niliulizwa nimekuwa na wanaume wangapi, nikadanganya

"Mmoja," nilimjibu muuguzi.

Akaandika 1 kwenye fomu. Akauliza nilianza kujamiiana nikiwa na umri gani, nikasema miaka 22. Akaandika. Akauliza kama huwa natokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Nikasema hapana, ilhali ni damu hiyo hiyo iliyonitoa nyumbani asubuhi ile.

Ukweli ni kwamba nilianza nikiwa na miaka 16. Mume wangu ni mwanaume wa nne. Na damu ilikuwa ikinitoka kwa miezi minane. Lakini kati ya meza ya muuguzi na benchi la wanaosubiri palikuwa na pazia tu, kitambaa cha kijani kilichofifia kwa kufuliwa, na kwa chini kilikuwa kimeacha upenyo wa kama shubiri moja. Kwenye upenyo ule niliona viatu vya mama mmoja ninayemfahamu. Viatu vile vikanifunga mdomo.

Kwa kuwa nilisema sina dalili yoyote, niliandikwa pamoja na wanaokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa utaratibu wa kawaida, siku nyingine, bila haraka. Muuguzi hakukosea, alifuata nilichomwambia. Siku hiyo ilipofika sikwenda. Nilirudi baada ya miezi mitatu, damu ikiwa imezidi. Nikijumlisha, nilikaa miezi kumi na moja na dalili ambayo ingenifikisha kwa daktari mapema sana kama ningesema neno moja la kweli.

Mara ya kwanza ilikuwa doa dogo kwenye shuka, la rangi ya waridi, halizidi ukubwa wa kidole gumba. Hedhi ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Nilikuwa nimeanza sindano ya uzazi wa mpango si muda mrefu, nikajiambia ni sindano. Na kweli sindano huvuruga damu ya wanawake wengi, kwa hiyo maelezo yale yalinitosha. Nilichokataa kukiangalia ni kwamba damu ya sindano haina ratiba, inakuja inapotaka. Yangu ilikuwa na ratiba: ilikuja kila baada ya kukutana na mume wangu, na siku nyingine zote nilikuwa mkavu.

Baadaye ukaja uchafu wa majimaji wenye harufu. Nikaenda duka la dawa, nikaeleza harufu tu, damu sikuitaja. Nikapewa dawa za kuua bakteria. Nilizimeza mara tatu kwa nyakati tofauti, na kila mara harufu ilipungua kidogo kisha ikarudi. Nikaanza kujiosha ndani kwa sabuni, jambo ambalo halikutibu chochote zaidi ya kuniachia muwasho. Uke hujisafisha wenyewe, na sabuni huua hata vile vijidudu vinavyoulinda. Kwa mume wangu nilijenga kalenda ya uongo: leo nina hedhi, leo nimechoka, leo tumbo. Hakuuliza sana. Alianza tu kuchelewa kuja kulala.

Na fursa za kupima zilikuwepo. Mara mbili niliwahi kupita mbele ya hema ambako wanawake walikuwa wanapimwa mlango wa kizazi bila malipo, foleni ikiwa fupi kabisa. Sikuingia. Kichwani mwangu saratani hiyo ilikuwa na sura ya mwanamke fulani, mwanamke wa wanaume wengi, na mimi nilikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilihisi kwamba kusimama kwenye foleni ile ni kukiri jambo. Sasa naamini hisia ile ndiyo iliyokaribia kuniua, kuliko HPV, kirusi chenyewe kinachosababisha saratani hii.

Siku niliyorudi nilimkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo. Alipokea shikamoo yangu huku akivaa glovu, akasogeza kiti chake hadi upande wangu wa meza, mgongo ukaelekea kwenye pazia. Akauliza kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliisikia kwa shida: "Mwanangu, hii damu inatoka lini?" Hakuuliza kama inatoka. Nikamwambia inatoka lini. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kabla ya hapo.

Kipimo chenyewe hakikuzidi dakika kumi. Unavua nguo za chini, unalala chali, magoti juu, unafunikwa shuka. Chombo cha kupanulia uke ni cha baridi na kinabana, lakini ukikaza mapaja ndiyo kinauma, ukipumua kwa mdomo taratibu kinakaa. Kisha akapaka kwa pamba siki iliyozimuliwa, asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri kama dakika moja. Sehemu yenye afya hubaki na rangi yake ya waridi, na penye seli zilizobadilika hugeuka peupe. Aliniuliza kama nataka kuona, akashika kioo kidogo na tochi. Niliuona mlango wangu wa kizazi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 38. Ni kitu kidogo cha mviringo, kama ncha ya pua, chenye kitundu katikati. Upande mmoja wa kitundu palikuwa na weupe mzito, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na ulikuwa umeingia ndani ya tundu.

"Hii siyo kusema una saratani," akaniambia. "Ni kusema pana kazi ya kufanya." Akaeleza kwamba kama weupe ungekuwa mdogo na wote unaonekana, angeweza kuutibu hapo hapo kwa tiba mgando, yaani kuzigandisha seli mbovu kwa baridi kali. Lakini kwa kuwa ulikuwa umeingia ndani na mwisho wake haukuonekana, na kwa sababu ya ile damu, ilibidi nipelekwe mbele. Kama ningeificha damu kwa mara ya pili, nusu ya sababu ya kunipeleka mbele ingekuwa imepotea.

Nitaje hapa hapa, maana nilikosea: kabla ya kwenda kupimwa, siku mbili usijamiiane, usiweke dawa yoyote ukeni, wala usijioshe ndani. Na usiende ukiwa katika hedhi. Mimi nilijiosha kwa sabuni alfajiri ile ile kwa aibu ya harufu. Muuguzi alitambua, akanieleza kwamba wao wanahitaji kuuona mwili ulivyo.

Huko mbele waliutazama tena mlango wa kizazi kwa darubini ya kukuza, kipimo wanachokiita kolposkopi, wakachukua kinyama, tena wakachukua ute wa kupima kirusi cha HPV. Kinyama kinauma kama kubanwa kwa ghafla, kisha tumbo la chini linasokota kama la hedhi hadi jioni. Vilikuwa vipande vitatu, kila kimoja kama punje ya mchele, vikielea kwenye kichupa chenye jina langu. Kukisubiri kile kichupa kitoe majibu kulichukua wiki nne. Usingizi ulinikimbia. Na fedha zilikwenda: nauli, maabara, siku saba za kazi nilizokosa kwa jumla. Akiba tuliyoitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba iliishia huko. Ningejua mapema ningeuliza tangu siku ya kwanza ni kipimo gani kinalipiwa na kipi hakilipiwi, na kama majibu yanaweza kufuatwa na mtu mwingine. Nililipa nauli mbili za bure kufuata majibu ambayo hayakuwa tayari.

Majibu yalikuja na vitu viwili. Nina kirusi cha HPV cha aina ya 16. Na mabadiliko ya seli yamefika daraja la tatu, CIN 3 kama walivyoandika kwenye faili. Daraja la kwanza mara nyingi hurudi kuwa salama lenyewe, huachwa likaangaliwa tu. La tatu haliachwi. Baadaye nilisoma juu ya wanawake wa New Zealand ambao, miongo mingi iliyopita, mabadiliko yao ya daraja hili hayakutibiwa ipasavyo: takriban 31 kati ya 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Nikaelewa kwa nini daktari alisema "mapema" mara tatu katika sentensi mbili.

Lakini siku ile sikusikia daraja wala namba. Nilisikia neno moja tu, kwamba kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana. Nikarudi nyumbani nikiwa na hukumu tayari. Mume wangu alipoingia nilikuwa nimekaa na simu yake mkononi. Nilimtajia majina ya wanawake. Nilimwambia ameniletea mauti ndani ya nyumba yangu. Alinitazama tu, akasema, "Mama, mimi hata sijui unachonituhumu." Niliona ni ujanja. Tukakaa majuma matatu tukizungumza kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula tayari," na binti yetu mkubwa, wa miaka 12 wakati ule, akabeba maneno hayo kutoka chumba hadi chumba kama mjumbe wa vita.

Kilichotuokoa ni kwamba alikubali kunisindikiza kwa daktari hata hivyo. Daktari, mwanamama wa rika langu, alitukalisha wote wawili na kueleza jambo ambalo ningelipa chochote kulijua majuma matatu nyuma. HPV hakina tarehe. Watu wengi wanaojamiiana hukipata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake, na hawajui, kwa kuwa kwa kawaida hakiwashi wala hakiumi. Kwa watu kama 9 kati ya 10 mwili hukifukuza au kukizima ndani ya miaka 2. Kwa wachache hubaki, na kinaweza kunyamaza miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Hakuna kipimo cha kusema kilikuja lini au kililetwa na nani, na kwa wanaume hakuna hata kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa cha kukitafuta. Kutoka kuambukizwa hadi saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20.

Nilitoa hesabu palepale kitini. 38 toa 16. Miaka 22. Huenda kirusi kile nilikibeba kabla sijalijua hata jina la mtu niliyekuwa nimemtuhumu. Huenda pia kilitoka kwake. Sitajua kamwe, naye hatajua, na tumekubaliana kutokujua. Nilimwomba radhi tukiwa njiani kurudi. Alisema sawa. Ilichukua muda mrefu zaidi ya hilo "sawa" kwa nyumba kutulia, na nisingependa mtu mwingine aupite mlango ule. Ukipata majibu ya HPV, muulize daktari kwanza kabla hujamuuliza mwenzako.

Siku hiyo hiyo daktari alimwomba mume wangu atupishe kidogo. Mlango ukafungwa, mlango wa mbao, siyo pazia. Akauliza yale yale: ulianza na miaka mingapi, umekuwa na wenza wangapi. Nikasema kweli. Aliandika bila kuinua macho, na kalamu yake haikusita. Nikamuuliza kwa nini wanauliza kama haibadilishi chochote. Akaweka kalamu chini.

Aliyoniambia, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Zaidi ya saratani 95 kati ya 100 za mlango wa kizazi husababishwa na HPV. Zipo aina zaidi ya 200 za kirusi hiki, nyingi hazina madhara makubwa. Aina za hatari hazizidi kumi na tano hivi, na mbili kati yake, 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hii. Basi maswali ya mwenendo wa kujamiiana ni maswali ya nafasi ngapi kirusi kimepata, basi. Tabia njema au mbaya haina kipimo maabara.

Kuanza mapema kunahesabika kwa sababu mlango wa kizazi wa msichana bado unabadilika. Sehemu ile ya mpaka, ambako aina moja ya seli inageuka kuwa nyingine, kwake huwa pana na iko nje, na ndipo kirusi hupenda kuingia. Nilipokuwa na miaka 16 hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niliambiwa tu nisiaibishe nyumba. Idadi ya wenza inahesabika kwa sababu kila mwenza mpya ni nafasi nyingine. Lakini mmoja anatosha. Mwanamke anaweza kumjua mume mmoja tu maisha yake yote, na mume huyo akawa amekipata kirusi miaka kumi kabla ya harusi bila kujua. Wenza wa mwenza wako wanaingia kwenye hesabu yako, hata kama hutawaona kamwe.

Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwa kuwa kirusi hupita kwa mguso wa ngozi za sehemu za siri, hata pasipo kuingiliana kikamilifu, na kondomu haifuniki ngozi yote. Hata hivyo daktari alisisitiza tuitumie, maana hukinga mengine mengi, na upo ushahidi kwamba seli zilizobadilika hurudi salama kwa urahisi zaidi kwa wanaoitumia. Tohara ya mwanaume nayo hupunguza uwezekano wa yeye kubeba kirusi. Halafu yapo yasiyohusu kitanda kabisa: sigara, uzazi wa mara nyingi, vidonge vya kuzuia mimba vikitumika miaka 5 na zaidi, ingawa hatari ya vidonge hupungua ukiviacha na hakuna aliyeniambia niogope uzazi wa mpango. Kubwa kuliko yote hayo ni kinga ya mwili. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii, na kwa kinga iliyodhoofika safari ya miaka 15 au 20 inaweza kuwa ya miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana walinipima VVU siku ile. Nilitetemeka hadi muuguzi akanishika kidole kwa mikono miwili. Sikuwa navyo. Mwenye VVU hushauriwa aanze kupima mlango wa kizazi akiwa na miaka 25, wengine wakiwa na 30.

Kuna jambo la kale lililonikaa moyoni. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Rigoni-Stern, alipitia kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona kwamba masista wa kitawa walikuwa wanakufa kwa saratani ya kizazi kwa nadra kuliko wanawake walioolewa. Kwa hiyo watu walijua, zaidi ya karne moja, kwamba ugonjwa huu unahusiana na kujamiiana, lakini hawakujua ni nini hasa kinachopita. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake ndio waliovipata virusi vya aina ya 16 na 18 ndani ya uvimbe wa saratani, mwaka 1983 na 1984, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Nafikiria miaka ile yote ya katikati. Pengo la kutojua lilijazwa na lawama, na kirusi kilipopatikana lawama haikuondoka. Mimi nilizaliwa nikaikuta, nikaibeba hadi kwenye kile kiti cha nyuma ya pazia.

Tiba yangu ilikuwa ya kukata ile sehemu kwa waya mwembamba wenye umeme. Wenyewe wanaiita LEEP. Unalala kama ulivyolala kwenye kipimo. Wanakubandikia kipande baridi pajani cha kupitisha umeme. Sindano ya ganzi kwenye mlango wa kizazi haiumi sana, ila moyo hudunda ghafla na miguu hutetemeka, na kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha nilidhani nakufa. Ni ile dawa iliyochanganywa kwenye ganzi, hupita kwa dakika chache. Kisha unasikia mashine ya kunyonya moshi, na harufu ya kitu kinachoungua, na unajua ni wewe. Waya ulipita kwa sekunde tu. Shughuli nzima ilikuwa kama robo saa. Nilitoka nikitembea.

Waliniambia nitatokwa na majimaji meusi kama machicha ya kahawa kwa siku kadhaa, kwa ajili ya dawa ya kuzuia damu, na ndivyo ilivyokuwa. Waliniambia wiki nne bila tendo la ndoa, bila kuingiza chochote ukeni, bila kubeba kizito. Mbili za kwanza nilizishika. Ya tatu niliivunja siku ya sita, nikanyanyua ndoo iliyojaa kwa sababu nilijisikia mzima na sikupenda kuonekana mvivu. Usiku nikalowesha pedi mbili ndani ya saa moja. Tulikimbizana na gari usiku wa manane, nikawekewa pamba ya kubana, nikalala huko. Ukilowesha pedi kwa kasi hiyo, au ukipata homa, usisubiri kupambazuke. Na kama bado unapanga kuzaa, mwambie daktari kabla ya kukatwa, maana kukata sehemu kubwa kunaweza kuongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati.

Kinyama kikubwa kilichokatwa kilipimwa: kingo zake zilikuwa safi, na saratani haikuwepo. Baada ya mwaka nikapimwa tena HPV, hakikuonekana. Nilidhani safari imekwisha, nikaambiwa hapana. Aliyewahi kufika daraja la tatu hubaki na hatari iliyo juu ya wengine kwa miaka mingi, hivyo tarehe yangu ijayo imeandikwa kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Lililobaki lilikuwa la binti. Chanjo ya HPV ipo tangu 2006, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kirusi, ndiyo maana hulengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali kwamba hata dozi moja inatosha kwa wa miaka 9 hadi 20. Mimi ilikuwa imenipita, kwani haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Shangazi yake akaja juu: unamchanja mtoto ili umfungulie njia ya uhuni? Nilimjibu kwa adabu, ni mkubwa wangu, lakini nilimjibu. Tafiti zimefanywa, wasichana waliochanjwa hawaanzi mapema kuliko wenzao. Na nikamwambia, shangazi, mimi nilianza na miaka 16 bila chanjo yoyote. Palikuwa kimya. Mume wangu ndiye aliyempeleka binti siku ya pili yake. Nimemwambia pia kwamba chanjo haiondoi haja ya kupima atakapokuwa mtu mzima.

Kisha dada yangu mkubwa. Ana miaka 49 na hajawahi kupimwa hata mara moja. Nilimbembeleza miezi. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Mdogo wangu, mimi nimemjua marehemu shemeji yako tu." Sikubishana na hilo. Nilimwambia kuhusu masista wa Verona na kuhusu mume anayeweza kukibeba bila kujua, nikamwambia nitamsindikiza, nitakaa naye. Mwezi uliopita akakubali.

Tulienda pale pale nilikodanganya. Pazia ni lile lile la kijani. Alipoitwa aliniachia mkoba wake, akaingia, na nikaona viatu vyake kwenye upenyo wa chini, vimebanwa pamoja. Nikamsikia muuguzi akimuuliza umri, idadi ya watoto, kisha lile swali. Dada hakujibu mara moja. Viatu vikasogea kidogo. Nikachukua mikoba yote miwili, nikainuka pale kwenye benchi, nikamwomba na mama aliyekuwa kando yangu tutoke tukasimame nje kwenye kivuli.